Mjerumani Aliyegoma Kuamka Uyole

Nianze na ujinga wenyewe: nilitangaza gari la mama yangu kuwa linauzwa. Mama hakujua, na simu niliyotumia ni yake.

Siku ya kufunga shule nilikuwa nimelisukuma asubuhi mpaka barabarani, huku wasichana wa darasa letu wakipita na kunishangilia kama niko kwenye mashindano. Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikafungua grupu la wauza viazi la mama, nikaandika:

"ANAUZWA. Mzee wa Kijerumani, kanizidi umri mara mbili. Kazi yake kubeba viazi. Havuti sigara ila moshi anatoa. Haamki mpaka asukumwe na watu wanne wenye afya. Sababu ya kuuza: tumechoka."

Nikabandika na picha yangu, nimekaa juu ya boneti na tai ya shule shingoni.

Watu walicheka. Mimi mwenyewe nilicheka. Halafu jioni simu ikalia, mama akapokea. Akasikiliza kwa muda mrefu, akitikisa kichwa tu. Nikaanza kupima umbali kutoka kwenye kiti changu hadi mlangoni.

"Anakuja Jumamosi," akasema alipokata.

"Nani?"

"Mteja wako. Mkulima wa mpunga, wa Chimala."

"Mama, ule ulikuwa utani!"

"Wewe ulitania. Yeye hatanii, na mimi sitanii. Wenzangu wanamaliza viazi sokoni, mimi bado nagonga milango ya watu waje wasukume. Auzwe."

Kumbe yule baba hakutaka hata gari. Alitaka injini tu, aifunge kwenye pampu ya kuvutia maji shambani. Alisema injini hizi za zamani hazifi. Bodi tungebaki nalo sisi, tufugie kuku.

Sasa, mimi nina haki ya kumtukana Mjerumani kwa sababu nimemsukuma. Lakini kumkata vipande? Mama alimnunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na mimi nimekulia kiti cha nyuma, juu ya magunia. Ukifunga mlango wake unasema "dup", mara moja, basi. Magari ya majirani zetu unayafunga mara tatu na bado yanakukonyeza. Akishawaka, hapandi mlima kwa haraka, ila anaupanda, na viazi vyote nyuma.

"Mama, akiamka mwenyewe Jumamosi, bila kusukumwa?"

"Akiamka mwenyewe, tutaongea."

"Tutaongea" ya mama yangu si ahadi. Lakini si hapana.

Nikaenda kwa fundi wa mtaani kwetu. Mafundi wengi wa hapa wana dawa moja kwa gari lolote la Ulaya: toa injini, funga ya Mjapani. Huyu naye akaanza hapo hapo. Nikamwambia injini ni nzima, tatizo ni asubuhi tu. Akakuna kichwa.

"Hizo ni plagi za hita, dogo. Zile zinazopasha injini kabla ya kuwasha. Zako zimekufa, na baridi hii ya Uyole, dizeli haishiki. Ila hapa huzipati. Labda Iringa, kuna mzee alikuwa anatengeneza magari ya misheni."

Kesho yake nikapanda Fuso la viazi la mteja wa mama, nimebanwa katikati ya dereva na utingo. Tulipopita Chimala niliinamisha kichwa nisionekane na adui yangu, ingawa hata sura yake sikuijua. Tuliposimama Nyololo, dereva aliponinunulia hindi la kuchoma, alitaka kujua kama kweli namuuza Mjerumani. Tangazo lilikuwa limeshafika mbali kuliko mimi.

Ua wa yule mzee wa Iringa ulijaa magari ya Kizungu yasiyo na macho, nyasi zimeota mpaka kwenye usukani.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene. Ee! Si wewe yule wa tai?"

Nikataka ardhi inimeze. Alikuwa amelisoma tangazo. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Nilipomweleza habari za plagi na za mkulima wa mpunga, akanionyesha gari moja, ndugu kabisa wa letu, limekaa juu ya mawe.

"Plagi zimo humo. Zitoe mwenyewe, ni zako. Ukizilazimisha zinakatikia ndani, na ikikatikia ndani ya injini yenu, mwiteni huyo wa mpunga aje na gunia."

Ya kwanza ilikatika. Kah!

"Bora imekatikia kwenye maiti," mzee akasema, wala hakuinuka. "Mwagia oili, subiri. Zungusha kidogo, rudisha kidogo. Unaharakisha wapi?"

Nilishinda pale nikizungusha kidogo na kurudisha kidogo mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Alinipa na nyingine ya kufidia ile iliyokatika. Tukazijaribu kwenye betri moja moja, ncha zikawa nyekundu kama makaa. Sijawahi kufurahia kitu chekundu namna ile.

Ijumaa, nimesharudi Uyole, majirani walimsukuma Mjerumani tena, nikamwacha angurume mpaka apate moto, maana mzee alisema plagi hutolewa injini ikiwa ya moto. Tatu zilitoka. Ya nne ikagoma. Nikamwagia oili, nikasubiri, nikazungusha kidogo, ikatoa mlio mbaya, nikarudisha. Nilikuwa naungua mikono na natetemeka kwa baridi kwa wakati mmoja. Mama alipita na ndoo. Akapita tena. Mara ya mwisho aliacha kikombe cha chai juu ya betri akaondoka. Chai ilipoa kabisa ndipo ile plagi ikatoka, nzima. Nikafunga zile za Iringa.

Jumamosi asubuhi yule baba akafika na pikapu, minyororo na boksi la spana. Mtu mkubwa, mcheshi, ndio aibu yenyewe: hata kumchukia huwezi.

"Dogo wa tai! Leo hujavaa? Na wasukumaji wako wapi?"

"Wamepewa likizo," nikasema.

Nikaingia. Nikazungusha ufunguo nusu. Taa ndogo ya njano, ambayo maisha yangu yote sikuwahi kuiona, ikawaka. Nikasubiri izime. Nikawasha.

Akakohoa. Akatikisika kama mtu aliyemwagiwa maji. Halafu akashika.

Nilipiga kelele ambazo sitaziandika hapa. Lakini yule baba hakununa hata kidogo. Alisogea, akafungua kifuniko cha oili, akaweka kiganja juu kupima kama inapumua moshi, akasikiliza kichwa kikiwa upande. Akatabasamu.

"Mama, nilikuja na bei ya injini mbovu. Hii ni nzima kabisa. Naongeza."

Nikashuka mbio. "Hauzwi!"

"Dogo, gari ni lako?"

"La mama."

"Basi tulia, wakubwa wanaongea." Akaongeza tena. Na tena.

Pale ndipo niliona nilichofanya. Wiki nzima ya kuungua vidole, na kumbe nilikuwa namtengenezea mteja bidhaa. Mama alisimama, mikono ndani ya kitenge, Mjerumani akinguruma bila mtu kumgusa. Sikuthubutu kumwangalia usoni.

"Baba, nisamehe kwa safari yako, ingia kwanza unywe chai," akasema. "Mimi nilikuwa nauza gari linalonichelewesha, na hilo hapa silioni." Kisha akanigeukia. "Na wewe usinichekee. Pakia viazi, soko linajaa."