Mtunza kanda anajifunza kukaa kitako

Saa nne asubuhi, na kiti cha mwanamke huyu bado hakijapata joto. Anaisogelea mashine ya kanda, anatega sikio, anarudi. Anagusa mlango wa kabati la diski kama anayepima homa, anarudi. Chumba kina baridi ya kutosha kumvalisha sweta mbili, lakini hata baridi haijamtuliza.

"Huyu hata akikaa, amesimama," anasema mwenzake wa zamu, mwanamume wa makamo ambaye hospitali nzima inamwita Mpole.

Kumbukumbu zote za wagonjwa, nani alipimwa nini na nani asipewe dawa gani, zinakaa ndani ya kabati hilo, na kompyuta za kila wodi hulifikia kwa mtandao. Kazi ya mwanamke huyu ni kuzinakili kila siku kwenye kanda, vikasha vyeusi vinavyoenea kiganjani, ambavyo hufungiwa jengo la pili. Kabati likiungua, au mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya, kanda ndizo zitakazoirudishia hospitali akili zake.

"Watu wanadhani kazi ni kunakili," anasema. "Kunakili naweza hata nikisinzia. Kazi ni kujua kama ulichonakili kitarudi."

Wasiwasi huo haukuzuka hivi hivi. Fundi aliyemfundisha, mtu nadhifu kupita kiasi, alikuwa na mashine ambayo kichwa chake cha kuandikia kilikuwa kimekwenda upogo kidogo, na hakuna aliyejua. Ikaandika upogo miaka nenda miaka rudi, na upogo wake ikausoma yenyewe bila shida. Siku ilipokufa, kanda zake zikatiwa kwenye mashine nyingine. Hazikutoa hata neno moja.

"Alilia, mtu mzima yule," anasema. Tangu hapo hajawahi kuiamini kanda kwa kuisoma pale pale ilipoandikwa. Huibeba hadi jengo la pili, mvua au jua, akaisome kwa mashine ya huko.

Sasa maji yamemfika shingoni. Mama yake mzazi amelazwa ghorofani, wodi ya moyo, anangoja upasuaji wa wiki ijayo. Ameomba likizo amuuguze. Mkuu wa kitengo hakukataa. Alimkumbusha tu, tena kwa upole, yaliyotokea mwanamke huyu alipolala na homa mwezi uliopita.

Siku hiyo mafaili ya kliniki ya watoto yalifutika. Mpole akafungua kabati la kanda huko jengo la pili, akakutana na lebo za ajabu: "Mvua ya mawe." "Baada ya ugomvi." "Ile nzuri." Ipi ni ipi, Mungu ndiye ajuaye. Ikabidi wampigie mwenye lebo simu kitandani kwake, naye akawaelekeza huku meno yakigongana.

"Nilikuwa najua mimi, basi," anasema na kujicheka, ingawa uso haucheki. "Kumbe nimekuwa ile mashine ya upogo. Naandika, najisomea mwenyewe."

Lebo zote amezibandua, akaandika tarehe na kilichomo. Leo ni mtihani. Mpole achague kanda peke yake, aisome kwa mashine ya jengo la pili, arudishe kumbukumbu za wodi ya moyo kwenye kompyuta ya majaribio. Akiweza, likizo inaanza. Akishindwa, mama ataingizwa chumba cha upasuaji bintiye akiwa huku chini na mashine zake. Na yeye amepigwa marufuku kusogea.

Kwa hiyo amepanda wodini. Ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mapajani. Anaigeuza kifudifudi, anaigeuza tena. Anakunja shuka lililokwisha kukunjwa. Hana hakika kama alimwambia Mpole asubiri ile taa ya mashine iache kuwaka na kuzima kabla ya kuitoa kanda. Alimwambia. Au alimwambia jana? Anainuka.

"Unakwenda wapi?" mama anauliza, macho amefumba.

"Kuchungulia tu, Mama."

"Wamekuita?"

"Hawajaita."

"Basi kaa. Wewe tangu utotoni kiti kinakuchoma."

Anakaa. Muuguzi anapita na kigari cha dawa, gurudumu moja likilia, naye anajizuia kwenda kulitazama.

Simu inatetemeka. Ujumbe wa Mpole ni mfupi: kanda imesomeka yote, na tafadhali asishuke. Anausoma tena na tena, kisha machozi yanamtoka, na hajali nani anamwona.

Akirudi kutoka likizo, anasema, anataka iwe desturi ya kitengo: anayeandika kanda asiwe anayeisoma, na lebo ieleweke hata kwa mgeni. Lakini hayo ni ya baadaye. Kwa sasa anachokitaka ni kidogo tu, kukaa na mama yake saa nzima ya kutembelea wagonjwa bila kuinuka.

Mama ananyoosha mkono, anaichukua simu na kuisukumia chini ya mto wake. Binti anavumilia. Kisha anainamia mto.

"Mama, imetetemeka?"

"Huo ni moyo wangu," mama anasema. "Kaa uusikilize huo."

Anavuta kiti, anakaa.