Habari Niliyomsomea Mama kwa Sauti ya Redio

Nilikuwa kidato cha tatu, Makambako, na nilishaamua kwamba nitakuwa mtangazaji. Mwiko ndio ulikuwa maikrofoni yangu. Kwa hiyo siku mwalimu wa Kiswahili alipotugawia kurasa za magazeti ya zamani, kila mtu akapigie mstari maneno yanayomvuta msomaji, nilirudi nyumbani Kitandililo karibu nakimbia.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Shingoni alikuwa na rovu, uvimbe uliokua polepole tangu mimi niko darasa la pili, na sasa ulikuwa unambana koo. Akilala chali, pumzi inapiga filimbi. Jumatano ya wiki iliyofuata tulitakiwa Ikonda, hospitali ya misheni, akapasuliwe.

Ukurasa wangu ulikuwa na kichwa kikubwa: "Aingia akitembea, atolewa amefunikwa shuka." Habari ya mwanamke wa mkoa mwingine aliyepasuliwa rovu. Ningeweza kunyamaza. Lakini maneno yalikuwa matamu mdomoni! Nikasimama, mwiko mkononi, nikasoma: simanzi na vilio vimetanda, kisu cha daktari, watoto wabaki wakiita mama asiyeitika. Mama akaacha kumenya. Mimi nikadhani nimesoma vizuri.

Asubuhi, ananipa kikombe cha uji, akasema, "Ikonda siendi."

"Mama!"

"Nimeshasema. Nitakufa na rovu langu, hapa hapa kwangu."

Nilikwenda shule. Kila nikivuta pumzi naisikia filimbi yake. Darasani nilipiga mistari kumi na moja, mwalimu akaniwekea vema na kunisifu mbele ya wenzangu, na mimi nataka kulia. Wenzangu walipotoka nikamweleza. Hakunicheka.

"Kamsomee tena," akasema. "Safari hii ruka vyote ulivyopigia mstari."

Jioni nikamsomea. Ikabaki mifupa mitupu: mwanamke mmoja alipasuliwa, akafariki.

"Kumbe bado amekufa," mama akasema.

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Alichelewa kwenda?" akauliza.

"Hawajaandika."

"Alikuwa na ugonjwa mwingine?"

"Hawajaandika."

"Sasa ukurasa mzima wameandika nini? Nani aliwaambia?"

"Jirani ambaye hakutaka jina lake litajwe."

Mama akatupa jicho upande wa jirani yetu, ambaye alijua hata tumepika nini. "Angekuwa huyu, jina lake angelitaja mara mbili." Akacheka, filimbi ikamkatisha, akakohoa mpaka nikamshika mabega. Alipotulia alisema, "Twende. Naogopa, lakini twende. Ila hiyo sauti yako ya redio uiache hapa."

Ikonda tulikuta baridi kali. Muuguzi akatupa fomu ya kukubali upasuaji, na kwa kuwa mama hajui kusoma, akaniambia nimsomee. Nilipofika katikati nikaiona mistari hii: mgonjwa anaweza kupoteza sauti, anaweza kutokwa damu nyingi, anaweza kufariki. Hakuna simanzi, hakuna vilio. Maneno makavu tu, na ndiyo yaliyonitetemesha kuliko gazeti lote. Nikasema moyoni, akiyasikia haya tunageuza leo leo. Nikaruka, nikaenda moja kwa moja penye sahihi.

"Umeruka," mama akasema.

"Sijaruka."

"We mtoto! Macho yako yameshuka, mdomo umebaki juu."

Nikairudia ile mistari, neno kwa neno, kwa sauti yangu ya kawaida. Mama alinisikiliza mpaka mwisho kama anayesomewa majina kanisani.

"Hawa wanaongea na mimi," akasema, akanyoosha dole gumba kwenye wino.

Alipoingizwa ndani nilibaki kwenye benchi nimekumbatia kitenge chake. Nilijaribu kuota zile ndoto zangu za kutangaza, hazikuja. Kilichokuja ni kile kichwa cha habari. Mlango ulifunguka mara nyingi na kila mara niliangalia shuka kwanza, kabla ya mtu: limeishia wapi? Wa kwanza hakuwa mama. Wa pili hakuwa mama. Nikaanza kuhesabu matofali ya ukuta, nikasahau namba, nikaanza upya.

Mchana mlango ukafunguka tena. Nikaona kitanda, nikaona shuka. Lilikuwa limeishia kifuani pa mama.