Miezi Minane Aliyonipa Mzee Gulam

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ningetamani kuisahau nami nimeshindwa. Nilikuwa na miaka thelathini na ushei, nikishona nguo Handeni mjini, barazani kwa Mzee Gulam, Mhindi aliyekuwa akiuza vitenge na majora ya vitambaa. Mwenzangu Zaina alishona pale pale, cherehani yake ubavuni mwa yangu. Asubuhi hiyo wakaja wanaume wawili kutoka ofisi ya mikopo ya Korogwe kuichukua cherehani yangu.

Nilikuwa nimekopa kwao fedha ya vitambaa vya sare za shule, na riba yao ilikuwa ya kila wiki. Kila Jumamosi nililipa, na kila Jumamosi deni lilibaki palepale. Watu waliita mikopo ile kausha damu, wala hawakukosea.

Mzee Gulam akatoka dukani, miwani ameipandisha kipajini. "Acheni cherehani ya watu," akawaambia. "Kesho nakuja ofisini kwenu mwenyewe."

Kesho yake tulipanda basi mpaka Korogwe. Akalipa deni lote, akadai stakabadhi, akanikabidhi. Wakati wa kurudi akaniambia, "Sasa unadaiwa na mimi, binti. Deni ni lile lile, limehama tu. Kwangu hakuna riba, dini yangu hairuhusu. Nakupa miezi minane, na kule usirudi. Ukinimalizia, fedha hiyo hiyo itamtoa Zaina. Mfuko wangu ni mmoja."

Zaina naye alikuwa amenaswa na watu wale wale. Dhamana aliyoweka ilikuwa nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Chanika, hapo hapo Handeni, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nilipompa habari alilia kwa furaha. Tangu siku hiyo, akimaliza kazi zake, alinisaidia kutia vifungo na kupiga pasi nguo za wateja wangu, ili nilipe haraka na zamu yake ifike. Huku nyuma, riba ya kila wiki ilikuwa ikimtafuna.

Miezi mitatu nililipa bila kukosa. Kisha, mwanangu, nikaanza kujiona kama mtu asiyedaiwa. Hakuna aliyenigongea mlango, hakuna aliyenitukana mbele za watu. Utulivu ule ndio ulionipumbaza.

Mdogo wangu Hamisi alikuwa anaoa Kabuku, nami ndiye dada mkubwa. Nikaenda Korogwe kununua nyuzi, na mama mmoja wa ile ofisi ya mikopo akaniita kwa jina, akinichekea. "Dada Mwanahamisi, karibu! Wewe sasa ni mteja msafi. Mtu kama wewe tunampa hata mara mbili ya mwanzo."

Nikatia saini nikiwa nimesimama. Hata kiti sikukikalia.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Nilinunua kabati la vyombo na sare za ukoo mzima. Walinipigia vigelegele, nikacheza mpaka kiatu kikakatika. Jumamosi iliyofuata riba ikaanza, na fedha ya Mzee Gulam ikawa inakwenda Korogwe. Mwezi wa kwanza nikamdanganya kwamba wateja hawajalipa. Wa pili nikasingizia homa. Wa tatu hata riba yenyewe ikanishinda; wale wanaume wawili wakarudi, wakamkuta mzee amesimama mlangoni.

Hakupaza sauti. "Mwanahamisi, nilikupa miezi minane upumue. Umeipeleka wapi?"

Wale wanaume wakaibeba cherehani, na safari hii hakuwazuia.

Zaina alikuwa ameshika shati la mteja wangu, sindano bado iko kwenye kifungo. Akauliza taratibu, "Na mimi, mzee?"

Mzee Gulam akavua miwani. "Sina ya kutosha, mama. Nilichokuwa nacho anacho huyu."

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, nyumba ya Chanika ilikuwa na mtu mwingine. Zaina alichukua wanawe na mama yake mzee, akahamia Kabuku kuwauzia machungwa abiria wa mabasi. Shukrani ya punda ni mateke, na punda nilikuwa mimi.

Ilinichukua miaka mitatu ya vibarua vya kulima mashamba ya watu kumlipa Mzee Gulam. Alipokea, akaniombea heri. Lakini hakumtoa tena fundi yeyote kwenye mkopo, mpaka akafa.

Nikaenda Kabuku na bahasha ya akiba yangu, pamoja na maneno niliyoyapanga wiki nzima. Nikamkuta Zaina kando ya barabara, amekonda.

"Zaina, ni mimi."

"Nimekuona. Nikufungie ya ngapi?"

Bahasha akaisukuma kwa nyuma ya mkono. Nikanunua machungwa, akanirudishia chenji kamili, akakimbilia basi lililokuwa linasimama. Mwaka uliofuata nilisikia sokoni kwamba wameshamzika. Hakuna aliyenipelekea habari za msiba. Nani angenipelekea?

Siku hizi nawaona, wanangu, mnakopa kwenye simu huku ili mlipe kule, mkidhani mmepona. Sisemi msihamishe deni. Ukipata anayekutoa kwenye riba kali akakuweka penye nafuu, nenda, tena mshukuru Mungu. Ila uliza nafuu hiyo inakoma lini, ikikoma utatozwa nini, na kuhama kwenyewe unakatwa kiasi gani. Kisha ligawe deni lote kwa miezi uliyopewa, na fungu la kila mwezi ulilipe kabla hujanunua hata kanga. Na kule ulikotoka usirudi. Kama ni kadi ya mkopo, ikate. Kama ni mkopo wa simu, programu yake uifute usiione. Dawa ya deni ni kulipa. Kulihamisha ni kupewa muda tu, na muda huo mara nyingi kuna mwenzako anausubiri.

Mimi nimelijua hilo pasipo na faida tena. Mungu akufungulie riziki ya halali, akupe usingizi wa mtu asiyedaiwa, na uliowakosea awaache hai mpaka uwatake radhi. Amina.