Asali, Pilipili na Wiski ya Mwalimu

Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi karibu na Kikima, tena mzee wa kanisa. Kabla ya kusomea ualimu aliwahi kuhudumu katika baa ya hoteli moja Nairobi, jambo ambalo kanisani hakulitaja hata siku moja. Huko ndiko alikojifunza kuchanganya wiski.

Mimi alinifundisha miaka ya sabini, mwezi wa Julai, wakati baridi ya Mbooni inaingia mpaka kwenye mifupa. Aliniambia ni dawa ya kifua chake. Nilikuwa natwanga tangawizi na pilipili mbili zile ndogo kali, nazichemsha na asali tuliyoletewa kutoka Ikutha, nachuja kwa kichungi cha chai, nakamua ndimu, halafu namimina wiski. Ilibidi ikae kidogo kando ya moto ili ishikane. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikunywa kikombe kimoja, wakati mwingine viwili, akiwa amekunja miguu sebuleni kama mtu aliyerudi kwao. Mimi nilionja kijiko kimoja tu, kujua kama pilipili imezidi. Sitasema uongo, niliipenda. Kwanza inakubembeleza, halafu inakuchoma.

Jumamosi moja akina mama wa kanisa walikuja bila kutuma habari. Walikuwa wamesikia nimeteguka mguu kisimani, wakaja kuniombea. Kwa sababu sikuweza kusimama vizuri, mwenyekiti wao aliingia jikoni mwenyewe kutafuta chai. Alikuta birika dogo kando ya moto, akasikia harufu ya tangawizi, akajimiminia. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Nilipofika mlangoni nikichechemea, alikuwa tayari ameiona chupa nyuma ya debe la unga.

Mume wangu alitoka sebuleni. Alitazama kikombe, akatazama wale mama, kisha akanigeukia mimi.

"Mama watoto," alisema kwa sauti ya chini, ya huzuni, "umeanza hii lini?"

Nilingoja acheke. Nilingoja aseme ni dawa. Wale mama wote walikuwa wananitazama, na mimi nikafikiria kazi yake, na nyumba ya shule tuliyokuwa tunaishi, na watoto wanne. Nikainamisha kichwa. Wao walichukulia hilo kuwa jibu.

Wazee wa kanisa walikaa, na yeye akiwa kati yao. Nilitengwa na meza ya Bwana miezi sita, nikaambiwa nikae benchi la nyuma na wale waliozaa nje ya ndoa. Niliambiwa kwamba mume wangu alilia kwenye kikao, na wazee wenzake wakamshika mkono wakimpa pole kwa mzigo aliobebeshwa.

Jumamosi iliyofuata alikuja jikoni na chupa mpya ndani ya gazeti. Aliiweka mezani akasema, "Tengeneza, lakini ufunge mlango."

Nikafunga mlango nikatengeneza. Mpaka leo benchi la nyuma haliniumi kama mlango ule. Hakunipiga, hakunitisha. Nilitwanga tangawizi kwa mikono yangu mwenyewe, nikachuja, nikampelekea, akanywa, akasema siku hiyo imekolea vizuri.

Miezi sita ilipokwisha, nilitakiwa kutubu mbele ya watu. Yeye ndiye aliyesoma maneno na mimi nikayarudia nyuma yake, sentensi kwa sentensi, kwamba nimeacha pombe na sitairudia. Watu waliimba. Akina mama wakanikumbatia, na mwenyekiti akaniambia amesamehe.

Binti yetu mkubwa alikuwa kidato cha nne, na alikuwa nyumbani wikendi hiyo. Alijua kila kitu, maana jikoni tulikuwa tunaingia pamoja. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza kwa nini nimesema uongo kanisani. Nilimwambia ataelewa akiolewa.

Hakurudi tena katika kanisa lile, hata siku tuliyomzika baba yake. Alisimama nje kwenye uzio wakati mchungaji akisifu maisha safi ya marehemu. Ameolewa miaka mingi sasa, huko kijiji cha Tulia, na anaishi vizuri na mume wake. Huwa ananitembelea Krismasi, ananiletea sukari na leso. Lile swali hajaliuliza tena, na mimi sina ujasiri wa kumuuliza kama ameelewa.