Niliyoyasema Nyuma ya Kinyago

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni na kinyago cha karatasi usoni, akasimama mlangoni mwa jikoni, akabana pua na kuniambia nikisie yeye ni nani. Mama mwingine angecheza naye. Mimi nilimwambia akivue upesi, tena kwa ukali, na mtoto akalia. Nilimbembeleza, nikamkaangia yai, lakini sababu sikumweleza. Wewe nitakueleza, rafiki yangu, ingawa huenda baada ya hapa ukaniona mtu mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikaa huku Ulaya, mtaa wa Saint-Josse, ghorofa ya tatu, juu ya duka la zeituni na jibini. Mama yangu, mtu wa Lubumbashi, alifanya kazi Uccle, mtaa wa matajiri upande wa pili wa mji, kwa bibi mmoja mzee wa Kiswisi, mzaliwa wa Basel, mjane mwenye nyumba kubwa na bustani nyuma. Jumatano shule zilifungwa adhuhuri, basi nilipanda tramu nikamfuata mama kazini. Nilipewa chokoleti ya moto na kiti karibu na dirisha, na kusema kweli nilipapenda pale kuliko kwetu. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza, nayo ni ndogo.

Kila mwaka baridi ilipoanza kulegea, yule bibi aliwafanyia watoto wa mtaa wake karnavali ya kwao Basel, sikukuu ya vinyago. Alisema kwao majira ya baridi hayaachwi yaondoke yenyewe, yanafukuzwa kwa ngoma, filimbi na vinyago. Kilichomshangaza mama ni kwamba walifanya haya baada ya Jumatano ya Majivu. Yeye alikuwa ameshafunga, ameshapakwa majivu kanisani, halafu huyu mzungu anamwambia akaange vitamu katikati ya Kwaresima! Bibi alicheka, akasema mji wake ndivyo ulivyo, wengine wakimaliza wao ndio wanaanza. Mama alikaanga. Ila hakuonja hata chembe, mimi ndiye niliyeitwa kuonja chumvi na sukari, na kazi hiyo niliifanya kwa moyo wote.

Wiki tatu kabla, sisi watoto tulishinda kwenye chumba cha chini ya nyumba tukibandika vipande vya magazeti kwa gundi ya unga juu ya udongo, mpaka sura zitokee. Mikono ilikauka ikawa migumu. Juu jikoni mama alikuwa akikaanga unga mkavu kwenye kikaango cha chuma, bila mafuta, akikoroga bila kupumzika hadi upate rangi ya ganda la karanga. Unga huo ndio uliopikiwa supu, ikamwagiwa jibini iliyokunwa. Halafu zilifuata keki za kukaanga, nyembamba na pana kama sahani, zenye mabonde mabonde na sukari nyeupe juu. Ukiuma moja, nusu yake inakuangukia kifuani. Hata leo nikisikia harufu ya unga unaoungua kidogo, namwona mama na kile kijiko chake cha mti.

Sasa kuna jambo nililolijua mimi peke yangu. Bibi alikuwa na tabia ya kuandika maagizo kwenye vikaratasi na kuvibandika kwenye friji: unga kiasi gani, supu ikae motoni muda gani. Mama hakujua kusoma. Aliacha shule mapema ili alee wadogo zake, na hapa Ulaya alilificha jambo hilo kuliko pasipoti yake. Alivitia vile vikaratasi kwenye pochi, akavileta nyumbani, na baada ya kuosha vyombo nilimsomea mara mbili. Mara mbili tu, akawa amevishika vyote kichwani. Hata tonton zangu, yaani wajomba, waliokuja kula kwetu kila Jumapili hawakujua.

Basi katika karnavali ya bibi kulikuwa na mchezo mmoja aliotufundisha kwa makini. Mwenye kinyago humwendea mtu mzima, hubadili sauti, kisha humwambia mambo yake: kwamba ni bahili, kwamba anapaka nywele rangi, kwamba mbwa wake ana adabu kumshinda yeye. Anayeambiwa haruhusiwi kukasirika wala kuuliza wewe ni nani. Anacheka, anatoa keki au chungwa, yamekwisha. Kwao, alisema, watu wazima husubiri mwaka mzima kuambiwa ukweli wao hivyo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi, na mdomo wangu tayari ulikuwa mkali. Nilikuwa na kinyago cha pua ndefu kilichofunika kichwa chote, glavu nyeupe, na joho lililoshonwa kwa pazia kuukuu. Ungeniona usingejua mimi ni mweusi au mweupe, na hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Watoto wa mtaa ule nilikuwa nimewaambia kwamba mama yangu anafanya kazi ubalozini. Waliponiuliza yule mwanamke wa jikoni ni nani, nilisema simjui. Tulishawatania wageni wote, keki zimejaa mifukoni, ndipo msichana mmoja, mkubwa wao, akasema bado mmoja, yule wa jikoni, na akanichagua mimi nimwendee. Wengine wakanisukuma kwa vicheko. Ningekataa wangeuliza kwa nini.

Nilikwenda. Wao walisimama nyuma yangu mlangoni. Nilibana pua, nikamwambia mama kwa Kifaransa kizuri, kile alichojinyima mengi ili nikipate, kwamba ananuka dagaa na javeli ya kusafishia sakafu. Watoto wakacheka. Hapo ningeweza kuacha. Lakini vicheko vile vilikuwa vitamu, nikaongeza: kwamba vikaratasi vya kwenye friji anavitazama tu, hajui hata kimoja kimeandikwa nini.

Wakacheka zaidi. Mama alikuwa na kijiko mkononi. Alinitazama kidogo, akacheka kama alivyofundishwa kucheka siku hiyo, akachagua keki ambayo haikuvunjika, akaitia mkononi mwangu. Nikaila. Hilo nalo nakuambia, maana nimeanza kusema na sitaki kubakiza: niliila yote.

Kwenye tramu ya kurudi tulifika karibu nusu ya safari. Kisha mama akasema, "Kuko mutoto moja ya bazungu kule, alinisema mubaya. Maman yake hakumufundisha bien. Weye usimufwate."

Nilijibu, "Ndiyo, maman."

Tangu siku hiyo akaifanya kuwa hadithi yake. Jumapili baada ya kanisa, wanawake wakikaa Matonge, mtaa wa Waafrika wenzetu, kusukana nywele, aliwasimulia kuhusu mtoto wa Kizungu aliyemwambia ananuka dagaa, na wao wakawasema wazungu mpaka wakachoka. Nilikuwa nimekaa palepale, natumwa maji, naitwa mtoto mwenye heshima. Alisimulia dagaa, alisimulia javeli. Vikaratasi hakuvitaja hata mara moja. Na tangu siku hiyo hakuniletea tena vya kumsomea. Alivisomewa na nani, sijui. Kule Uccle hakunichukua tena, alisema bibi amechoka kelele, na kumbe bibi alikuwa akiniulizia.

Bibi alikufa nikiwa sekondari. Nyumba ikauzwa, vinyago sijui vilitupwa wapi, na wale watoto sasa ni watu wazima ambao nikikutana nao barabarani hatutajuana. Nilidhani mambo hayo yakiisha na aibu itaisha.

Nilipojifungua binti yangu ndipo nikapata nguvu. Nilimkuta mama anachambua majani ya sombe, yaani kisamvu, nikakaa chini karibu naye. Nikamwambia, "Maman, ule mutoto ya Uccle, njo mimi."

Hakuinua macho. "Hapana. Ule alikuwa mutoto ya muzungu. Wa kwangu hawezi kusema vile."

Nikasema tena, nikataja vikaratasi.

"Makaratasi gani?" akasema. "Shikumbuke makaratasi."

Akanisogezea lundo la majani nimsaidie. Nilikuwa nimekuja na msamaha wa kuomba, na hakutaka kuupokea, maana akiupokea ingebidi yule mtoto awe mimi. Nilichambua sombe mpaka jioni. Hadithi ya yule mtoto wa Kizungu bado anaisimulia, na mjukuu wake anaijua kwa moyo. Juzi, alipomaliza kula yai, aliniuliza kama namfahamu yule mtoto mbaya wa hadithi ya nyanya yake. Nikamwambia simjui.