Utabiri wa Tuzo kwa Sauti Mbili

Nichekeni tu, ndugu zangu, maana nimeyataka mwenyewe. Tangu nihamishiwe Tabora naishi peke yangu, chumba cha kupanga pale Chemchem. Lakini kazini huwa nasema filamu naziangalia na rafiki yangu Masanja. Masanja hayupo. Nilimbuni ili nisionewe huruma.

Msimu wa tuzo za filamu ulipofika, wenzangu wakaanza kutabiri washindi kwenye kundi letu la ofisi. Bi Salma, mhasibu wetu, akaniandikia: "Na Masanja anampa nani? Mrekodi tumsikie."

Jumamosi mchana nikajifungia chumbani, nikawasha simu. Kwa sauti yangu nikampa tuzo yule dada aliyeigiza mjane. Kisha nikakaza koo, nikawa Masanja: "Aka, kaka! Yule kazi yake kulia tu. Tuzo ni ya mzee aliyeigiza mlinzi." Tukabishana, tukacheka, na kusema kweli nilifurahi. Sikuwa nimebishana na mtu kwa muda mrefu. Nikatuma bila kusikiliza tena.

Jumatatu, Bi Salma akaifungulia rekodi mbele ya ofisi nzima. Watu wakacheka, wakamsifu Masanja. Nikadhani imekwisha, kumbe siku ile nilichelewa kuizima. Mlango ukasikika ukigongwa, kisha sauti ya mama mwenye nyumba: "Mwanangu, una wageni leo? Nikuletee chai ya watu wangapi?"

Halafu sauti yangu, ya chini: "Shikamoo, mama. Niko peke yangu."