Mtu wa Kuarifiwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kitenge kipya na viatu vilivyonibana, nikidhani nitaketishwa mbele ya mashine ya kupiga chapa kama nilivyosomea. Sekretere Mkuu alinipa kitambaa cha kufutia vumbi, akanielekeza kwenye masanduku ya mbao yaliyojaa fishi. Fishi, kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi, ni karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja, na kila moja ilibeba habari za kijana mmoja: jina, namba yake ya kijeshi, promosheni yake, yaani kundi la mwaka alioingia shuleni, na picha iliyobanwa kwa pini. Ofisi yetu ndogo hapa Uvira ilitunza habari za kadeti, wale wanafunzi wa uofisa waliotoka mjini na katika vijiji vya bonde la Ruzizi kwenda shule ya kijeshi ya mbali. Mzazi aliyetaka habari za mwanawe alikuja kwetu.

"Kamata fishi na mikono mbili," Sekretere Mkuu aliniambia. "Na usifute jina ya mutu hata siku moja. Akikufa, weka musalaba. Akitoroka, piga laini pembeni. Lakini jina yake ibakie pale."

Nilimwona mzee msumbufu. Aliweza kunirudisha kutoka mlangoni kwa ajili ya herufi moja iliyopinda. Lakini nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na nidhamu yote niliyo nayo ni yake.

Alipostaafu, alikuja Mkuu wa Hifadhi, mwanamume mpole aliyependa chai kuliko karatasi. Katika siku zake ndipo nilipogundua ugonjwa wa orodha yetu. Kwetu, kama mnavyojua, ndugu wa tumbo moja hawashiriki jina. Baba ana lake, mtoto wa kwanza lake, wa pili jingine kabisa. Siku moja alikuja baba mmoja kutoka Katogota, amesukuma baiskeli yenye pancha njia nzima, akiuliza habari za mwanawe Amani. Nilikuwa na akina Amani kumi na mmoja. Namba hakuijua, promosheni hakuijua, na jina lake mwenyewe halikuandikwa popote. Akarudi na baiskeli yake. Miezi kadhaa baadaye mchuuzi wa samaki ndiye aliyemwambia kwamba mwanawe alishazikwa. Fishi yake kwangu ilikuwa tayari na msalaba siku ile alipokuja.

Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Nikamwomba Mkuu wa Hifadhi tuongeze mstari mmoja chini ya kila fishi: mtu wa kuarifiwa. Akakubali huku akikoroga chai. Nilitembea Katogota, Kiringye, na mitaa yote ya hapa mjini, nikiandika kwa namna watu wanavyojuana kweli: Mama Fulani, nyumba ya mabati mapya, nyuma ya kanisa, ukiuliza kisima utaonyeshwa. Mstari ule ndio uliomuunganisha kadeti na kwao, maana jina peke yake halikufanya hivyo. Niliupenda kuliko watoto wangu wa kuzaa, Mungu anisamehe.

Kisha akaja Direkta na kompyuta zake tatu. Yeye ndiye aliyeingiza fishi zote kwenye orodha ya mtandaoni, na mimi, mwanamke wa makamo, nikajifunza upya kazi yangu. Unaandika neno la siri, unachagua promosheni, majina yanashuka, unabonyeza moja, fishi inafunguka. Juu kuna kisanduku cha kutafutia, ambacho hakina faida ukiandika Amani. Rezo, yaani mtandao, ilikuja ilipotaka. Picha ya kijana ilishuka polepole, kwanza paji la uso, kisha macho, na kabla ya kufika kidevuni inakwama. Tulizoea kungoja videvu.

"Mama Faida," Direkta alinitania, "sasa hata muntu mwenye iko Kinshasa anaona kazi yako."

"Na mwenye hatupendi aone?"

"Njo maana kuko neno la siri."

Lakini kwa kuwa rezo ilikatika kila mara, na kuandika neno la siri upya kulituchosha, Direkta aliziambia kompyuta zote tatu zilikumbuke. Ukiwasha tu, unaingia. Nami nilifurahi, siwafichi. Hilo ndilo kosa letu.

Vita vilipoanza kushuka bondeni, tuliona kwanza magodoro. Watu wa Kiringye walipita wameyabeba kichwani, hawaulizi kitu, hawanunui kitu. Direkta alivuka mpaka, akanipigia simu kutoka upande wa pili: choma fishi za karatasi, funga, ondoka. Nilizichoma kwenye jiko la makaa uani. Nilipoingia ndani nikakuta mlango wa mbele umevunjwa na kompyuta mbili hazipo. Nikampigia Direkta ili abadili neno la siri, kwa kuwa simu yake pekee ndiyo iliyopokea namba ya kufanyia hivyo. Simu ilikuwa imezimwa. Haikuwaka tena.

Siku iliyofuata wenye silaha waliingia mjini. Habari zilitangulia mbele yao: wanauliza nyumba za familia za maofisa. Basi fikirieni. Kompyuta mbili ziko mikononi mwa nisiowajua, zinafungua kila kitu bila kuuliza, na ndani yake ni mimi niliyeelekeza mpaka kwenye kisima. Kuvunja kompyuta iliyobaki kusingesaidia, kwa sababu orodha haikukaa ndani yake. Ilibidi kufuta ule mstari kwenye orodha yenyewe, kijana mmoja baada ya mwingine.

Nilianza asubuhi hiyo hiyo, dirisha limefungwa, risasi zikisikika upande wa mtaa wa Kavimvira. Kabla ya kufuta nilisoma kila mstari kwa sauti mara moja, ubaki kichwani kwangu tu. Kuandika kwenye karatasi sikuthubutu. Kinachopatikana kwenye sidiria ya mwanamke siku kama zile kinamuua. Futa, hifadhi, ngoja. Kwa haraka nilibonyeza mahali pasipo penyewe mara nyingi. Mchana ulipopinduka nilikuwa nimemaliza wa mwisho, na bado sijazima, mlango ukasukumwa.

Aliingia mwanamume mmoja mwenye nyota begani. Askari wake wawili walibaki mlangoni.

"Weye njo unakamataka hii kazi?"

"Ndiyo, Komanda."

"Fungula anuere ya kadeti."

Nilifungua anuere, yaani ile orodha ya mtandaoni. Akaketi kwenye kiti cha Direkta, akavuta kibodi kwake. Hakuuliza promosheni. Aliichagua mwenyewe, akashuka moja kwa moja hadi jina alilolitaka, akabonyeza. Paji la uso likashuka, kisha macho. Nikaitazama picha, nikamtazama yeye. Pembeni ya jina lile palikuwa na laini ya mtoro, na laini ile niliiweka mimi. Alikuwa kadeti wetu.

Akashusha macho hadi chini ya fishi. Palikuwa patupu.

"Hapa kulikuwa jina ya mama yangu, niliionaka kule shuleni," alisema. "Nani alifuta?"

"Sijue, Komanda. Rezo iko mubaya. Siku zingine hailete yote."

Akaufungua ukurasa upya. Tukangoja wote wawili, kama nilivyongoja na wazazi wengi kwenye viti vile vile. Patupu tena.

"Nilienda Kiringye," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, askari wasisikie. "Nyumba iko bule, hakuna mutu. Bajirani banasema alikuya huku Uvira. Mama, hakukuyaka hapa kuuliza habari yangu?"

Alikuja. Majuma machache kabla ya hapo alikuja, akaketi, akaniomba nibadilishe: si Kiringye tena, sasa ni Rugenge, hapa hapa mjini. Niliusoma mstari wake kwa sauti asubuhi ile ile. Ulikuwa mdomoni kwangu kabisa. Lakini kama ni mtego je? Na hata kama si mtego, nikimtajia mama mmoja atajua kwamba nimewabeba wote kichwani, na wale wawili mlangoni nao watajua.

"Miye sijue huyo muntu."

Alinitazama. Nilijua kwamba hakuniamini, na nilingoja nipigwe. Akavua kofia, akajifuta uso nayo.

"Akikuya, umuambie..."

Askari mmoja aligeuka kututazama. Komanda akavaa kofia, akatoka. Mji uliingia mikononi mwa wengine baadaye, na yeye sikumsikia tena popote.

Nimestaafu sasa. Vijana wa ofisi huniuliza namna ya kupanga orodha nzuri, nami huwaambia: kabla ya kuandika anwani ya mama wa mtu, fikiria mikono yote itakayoishika. Wananiitikia kwa heshima, kisha wanaendelea kubonyeza. Hakuna mama hata mmoja wa mistari ile aliyefuatwa kwa sababu yangu, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini kuna mmoja ambaye nikimwona sokoni mimi hubadilisha njia, maana akinikuta huniuliza kama kuna habari za mwanawe, nami hujibu, "Bado."

Mama Neema, najua mjukuu wako hukusomea kila karatasi inayopita mikononi mwake. Basi akusomee na hii. Mwanao hakukusahau. Alikuja mpaka mezani kwangu akakutafuta, na wewe ulikuwa umbali wa dakika kumi kwa miguu. Niliogopa, nikamwambia sikujui.